Kampuni za kimataifa na misukosuko ya fedha, mikakati na dijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaouliza maswali haya mara nyingi ni wafanyakazi wa kampuni hizi, wanaoziuzia bidhaa na huduma, na wanafunzi wa biashara. Mifano yote ni ya mambo yaliyokwisha kutokea, na mingi ni ya Afrika. Unaposoma kila mkasa, angalia nani alikuwa na uwezo wa kuamua na alikuwa umbali gani na tatizo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kampuni hizi huokoka au huangukia.

Kampuni ya kimataifa ni kampuni moja au nyingi?

Kisheria ni nyingi. Chukua Airtel Africa: inafanya kazi katika nchi 14 za Afrika, hisa zake zinauzwa London na Lagos, na mwenye sauti kubwa ndani yake ni kundi la Bharti la India. Hata hivyo, Airtel Tanzania ni kampuni kamili yenye bodi yake, hesabu zake na kodi zake, na Serikali ya Tanzania ina asilimia 49 ya hisa. Hiyo ndiyo kampuni tanzu. Ikidaiwa, inadaiwa yenyewe, na kwa kawaida kampuni mama haiwajibiki kulipa isipokuwa kama iliweka dhamana kwa maandishi. Jina kubwa lililo mlangoni halikulindi. Kinachokulinda ni jina lililoandikwa kwenye mkataba.

Inakuwaje kampuni yenye wateja wanaoongezeka itangaze hasara ya mabilioni?

Mara nyingi ni sarafu. Juni 2023 Benki Kuu ya Nigeria iliacha kuishikilia naira. Dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa naira 460 na ushee ilikaribia 900 mwisho wa mwaka huo, na mwaka 2024 ikavuka 1,500.

Tuseme kampuni ya simu ilikopa dola milioni 1 kununua mitambo. Siku ya kukopa, deni liliandikwa kama naira milioni 460. Mwaka uliofuata, bila kukopa hata dola moja zaidi, deni lilelile linasomeka naira bilioni 1.5. Wateja nao wanaendelea kununua vocha kwa naira, bei ileile. Tofauti hiyo lazima iingie kwenye hesabu, na inaingia kama hasara. Hivyo ndivyo MTN Nigeria ilivyopata hasara ya naira bilioni 137 mwaka 2023 na bilioni 400 mwaka 2024, huku mapato yake yakipanda miaka yote miwili. Airtel Africa nayo, iliyokuwa na faida ya dola milioni 750, ilitangaza hasara ya dola milioni 89 kwa mwaka ulioishia Machi 2024.

Kwani hawakuweza kujikinga mapema?

Zipo njia za benki: unakubaliana leo bei ya dola utakayoinunua miezi sita ijayo. Tatizo ni kwamba dola zikiadimika, benki yenyewe haina za kukuuzia, au inakutoza gharama inayomeza faida yote. Kinga hiyo hupatikana kwa urahisi pale isipohitajika sana.

Kilichosaidia kweli ni kukopa kwa sarafu ileile unayokusanya kwa wateja. Airtel Africa ilimaliza kulipa hati fungani ya dola milioni 550 Mei 2024, kisha ikaendelea kuhamishia madeni ya kampuni tanzu kwenye sarafu za nchi husika. MTN Nigeria ilikwenda kwa mwenye minara, kampuni ya IHS, na Agosti 2024 wakaandika upya mkataba: sehemu ya pango la minara iliyofungwa na dola ikapunguzwa, nyingine ikafungwa na mfumuko wa bei wa Nigeria na bei ya dizeli. Januari 2025 mdhibiti akaruhusu bei za simu na data zipande kwa hadi asilimia 50, na mwaka huohuo MTN Nigeria ikarudi kwenye faida.

Ule mkataba wa minara unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi ya hesabu zozote za benki. Deni la dola halikai benki tu. Linajificha kwenye pango la ofisi, leseni za programu, matengenezo ya mitambo na mishahara ya wageni. Mkurugenzi wa fedha anayeangalia mikopo peke yake anaona nusu ya tatizo. Tanzania, kanuni zilizotolewa Machi 2025 zilikataza kutangaza na kulipana bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani, kwa hiyo kampuni nyingi zililazimika kufungua upya mikataba ya namna hiyo zilizokuwa zimeizoea kwa miaka.

Faida ikipatikana, inatokaje nchini kwenda kwa kampuni mama?

Kwa njia nne kubwa: gawio, riba ya mkopo ambao kampuni mama iliikopesha kampuni tanzu, mrabaha wa kutumia jina au teknolojia, na ada za usimamizi. Kila njia ina kodi yake ya zuio, inayokatwa kabla fedha haijatoka, na masharti yake.

Lakini kuwa na faida na kuwa na dola za kuituma ni mambo mawili. Mashirika ya ndege yaliligundua hilo Nigeria, ambako mauzo yao ya tiketi yalikaa benki kwa naira bila kupata dola za kubadilishia. Kiasi kilichokwama kilipita dola milioni 800 mwaka 2023. Emirates ilisimamisha safari zake za Nigeria Oktoba 2022 na haikurudi mpaka Oktoba 2024. Ndege zilikuwa na abiria. Fedha ndizo zilizokosa njia ya kutokea.

Je, hapo ndipo wanapokwepa kodi?

Ndipo penye kishawishi kikubwa zaidi. Kampuni mbili za kundi moja zinapouziana chai, ushauri au haki ya kutumia nembo, bei haipangwi na soko. Inapangwa na wenyewe. Ukiuza kwa bei ya chini kwa ndugu yako aliye kwenye nchi ya kodi ndogo, faida inahamia kwake. Kanuni ya kimataifa inasema bei iwe ileile ambayo watu wasiojuana wangekubaliana.

Kenya ilijifunza mahakamani. Katika kesi iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2005, Unilever Kenya ilibishana na Kamishna wa Kodi ya Mapato kuhusu bei iliyowauzia wenzao wa Uganda. Kwa kuwa Kenya haikuwa na mwongozo wake wa kina, mahakama ilikubali kampuni itumie miongozo ya kimataifa ya OECD, shirika la uchumi la nchi tajiri. Mwaka uliofuata Kenya ikatunga kanuni zake. Tanzania nayo, pamoja na kanuni za bei hizo, inaweka ukomo kwenye riba: kampuni inayomilikiwa na wageni ikikopa kupita uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji, riba ya kiasi kilichozidi haipunguzwi kwenye hesabu ya kodi.

Oktoba 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana kwamba makundi yenye mapato ya euro milioni 750 na zaidi kwa mwaka yalipe kodi ya angalau asilimia 15 ya faida katika kila nchi. Kenya na Nigeria zilikataa kujiunga wakati ule. Tunaona zilikuwa na haki ya kusita, kwa sababu mfumo mzima uliandikwa na nchi zenye makao makuu, na nchi zenye migodi na wateja ziliitwa baadaye.

Kampuni ikigombana na serikali, hufanya nini?

Mfano tunaoujua vizuri ni makinikia. Machi 2017 Tanzania ilizuia usafirishaji wa mchanga wa madini nje ya nchi. Makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili za Rais John Magufuli zikasema kilichotangazwa ni kidogo kuliko kilichomo. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ikakana. Julai mwaka huo ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190, kiasi kinachozidi kwa mbali pato la taifa la mwaka mzima. Bulyanhulu ikapunguza shughuli na watu wakapoteza kazi.

Acacia yenyewe ilikuwa London. Mmiliki wake mkubwa, mwenye karibu asilimia 64, alikuwa Barrick ya Toronto. Acacia ilishika njia ya wanasheria na usuluhishi wa kimataifa. Barrick ilishika njia nyingine: mwenyekiti wake, John Thornton, alipanda ndege akaja Ikulu Juni 2017, wakaanza kuzungumza. Oktoba wakatangaza msingi wa makubaliano: dola milioni 300 za kumaliza madai, hisa asilimia 16 kwa Serikali kwenye migodi, na mgawanyo wa manufaa nusu kwa nusu. Acacia, ambayo haikuwa mezani, ilisomewa masharti tu.

Ilichukua miaka miwili zaidi. Septemba 2019 Barrick iliwanunua wanahisa wengine wote, jina la Acacia likafa, na Oktoba ikatangazwa Twiga Minerals, kampuni ya ubia. Mikataba ilisainiwa Januari 2020.

Watu hubishana bado nani alishinda. Tunachokiona sisi ni kwamba kampuni iliyokuwa na haki nyingi kwenye karatasi ilipotea, na iliyokuwa tayari kukaa na mwenye nchi ilibaki na migodi. Waliolipa bei ya ucheleweshaji ni wafanyakazi wa Bulyanhulu na vijiji vilivyoitegemea.

Kwa nini kampuni kubwa huondoka kwenye nchi ambayo inaonekana inafanya vizuri?

Kwa sababu uamuzi wa kuondoka mara nyingi hauhusu nchi hiyo kabisa. Machi 2016 Barclays ilitangaza kwamba ingeuza hisa zake za Afrika. Biashara ya Afrika ilikuwa ikileta faida. Lakini Barclays ilikuwa na asilimia 62 tu ya Barclays Africa, na wasimamizi wa Uingereza waliitaka iweke akiba ya mtaji kana kwamba inaimiliki yote. Hesabu haikukubali London, kwa hiyo benki ikauzwa Johannesburg, Nairobi na Dar es Salaam. Februari 2020 wateja wa Kenya na Tanzania waliamka wakakuta matawi yameandikwa Absa.

Wengine huondoka kwa sababu nchi yenyewe imewashinda. GSK ilitangaza kuondoka Nigeria Agosti 2023, na Procter & Gamble ikafuata Desemba kwa kusimamisha uzalishaji na kubaki kuingiza bidhaa kutoka nje. Na wengine hushindwa na washindani: Shoprite ilifungua Nairobi mwisho wa 2018, ikatangaza kuondoka 2020, wakati Carrefour, inayoendeshwa huku na Majid Al Futtaim ya Dubai, ilikuwa imeingia tangu 2016 na kuchukua maeneo mazuri yaliyoachwa na maduka yaliyofilisika.

Huduma ikifanikiwa nchi moja, kwa nini isihamishiwe nyingine zote?

Vodafone, kampuni ya Uingereza yenye hisa Safaricom na Vodacom, ilidhani inawezekana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Ilipopelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, kwa jina lilelile, ilishindwa; ikajaribiwa upya 2014, na Juni 2016 Vodacom ikaifunga. Watu wengi kule tayari walikuwa na akaunti na kadi za benki, sheria ziliwabeba wenye benki, na maduka makubwa nayo yalikuwa yakitoa huduma ya kutuma fedha. Huduma ilikuwa inatibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao. Tanzania soko lilikwenda njia yake pia: kwa kuwa hakuna kampuni iliyoshika karibu wateja wote kama Safaricom, mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilianza kuruhusiana kutumiana fedha, na Vodacom ikaingia 2016.

Jambo jingine husahauliwa. Kwa miaka mingi seva za M-Pesa ya Kenya zilikaa Ujerumani, na mitambo ikisumbua, mtu wa soko la Gikomba, Nairobi, alisubiri. Zilihamishiwa Nairobi 2015. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zikanunua kutoka Vodafone haki za jina na mfumo wenyewe. Ilichukua miaka 13 kwa huduma iliyokuzwa na mawakala wa Kenya na Tanzania kumilikiwa na kampuni za Afrika, na tunaliona hilo kama uamuzi bora zaidi wa kimkakati katika historia yake yote.

Shambulio la mtandao likitokea, kampuni kubwa hufanya nini siku ya kwanza?

Tarehe 27 Juni 2017, virusi vilivyoitwa NotPetya viliingia Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, kupitia programu ya hesabu za kodi iliyokuwa ikitumika kwenye ofisi yake ya Ukraine. Ndani ya saa chache skrini zilizimika dunia nzima. Malori yalipanga foleni nje ya bandari na hakuna aliyejua kontena lipi lina nini.

Watumishi walirudi kwenye karatasi, WhatsApp na barua pepe zao binafsi, wakaendelea kupokea oda. Kwa kauli ya mwenyekiti wake wa wakati ule, Jim Hagemann Snabe, walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi, kazi ambayo kwa kawaida ingechukua miezi sita, na mzigo uliosafirishwa ulipungua kwa asilimia 20 tu. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kilichowaokoa kilikuwa Ghana. Maersk ilikuwa na seva kama 150 zilizotunza orodha ya nani anaruhusiwa kuingia kwenye mfumo. Kila moja ilikuwa nakala rudufu ya nyingine, na hakuna aliyefikiria kwamba zote zingefutika pamoja. Zilifutika, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya pale ilikuwa dhaifu mno kutuma data yote Uingereza. Hakukuwa na mtumishi wa Ghana mwenye viza ya Uingereza. Kwa hiyo mmoja alisafiri na diski ya seva hiyo mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, na huyo ndiye aliyeifikisha Maidenhead, Uingereza, ambako ilitumika kujenga upya mfumo.

Ukiwa msimamizi wa mifumo, uliza leo: ni nakala ipi iliyo nje ya mtandao kabisa, na nani ana ruhusa ya kuibeba?

Bima haiwezi kulipa hasara kama hizo?

Inaweza, baada ya kesi. Merck, kampuni ya dawa ya Marekani iliyoathiriwa na virusi vilevile, ilidai dola bilioni 1.4. Kampuni za bima zikasema hilo lilikuwa tendo la vita. Mahakama za New Jersey ziliipa Merck ushindi mara mbili, mara ya pili ikiwa 2023, na mwaka 2024 wakamalizana nje ya mahakama. Soko la bima la Lloyd's la London nalo mwaka 2022 lilitaka mikataba mipya ya mashambulio ya mtandao iondoe yale yanayofanywa na mataifa. Soma ukurasa wa vitu visivyolipwa kabla ya ukurasa wa ada.

Vipi kuhusu video na sauti za kughushi?

Mtumishi wa fedha wa ofisi ya Hong Kong ya Arup, kampuni ya wahandisi ya Uingereza, aliingia kwenye kikao cha video ambamo aliwaona na kuwasikia mkuu wake wa fedha na wenzake. Wote walikuwa wametengenezwa kwa kompyuta. Alihamisha dola za Hong Kong milioni 200, takriban dola milioni 25 za Marekani. Habari hizo zilitoka 2024. Dawa inayofaa ni utaratibu unaomruhusu karani mdogo kumkatia simu bosi, kumpigia upya kwa namba iliyomo kwenye kumbukumbu, na asionekane mtovu wa adabu.

Sheria za taarifa binafsi zinagusa vipi kampuni yenye ofisi nchi nyingi?

Zinaamua data ikae wapi na ivuke mipaka kwa masharti gani. Ulaya ilianza kutekeleza sheria yake Mei 2018, na adhabu inaweza kufika asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote; Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 mwaka 2023 kwa kupeleka data za watu wa Ulaya Marekani. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao 2019, Rwanda 2021. Ya Tanzania ni ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kampuni yenye mfumo mmoja wa rasilimali watu ulio Dublin au Bangalore inalazimika kujibu maswali ya tume ya kila nchi.

Mimi ni msambazaji mdogo. Haya yananihusu nini?

Yanakuhusu kwa pande mbili. Kwanza, mtikisiko ukitokea juu, hatua ya haraka zaidi ya mkurugenzi wa fedha ni kuchelewesha malipo ya wasambazaji: siku 30 zinakuwa 60, kisha 90. Weka muda wa malipo na riba ya kuchelewa kwenye mkataba, na usiruhusu mteja mmoja abebe mauzo yako yote. Waliokuwa wakipeleka mboga na maziwa Nakumatt, iliyokuwa na maduka Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kabla ya kuanguka, walibaki na ankara zisizolipika.

Pili, wewe ni mlango wa kuingilia kwao. Tarehe 1 Machi 2022 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japani kwa siku nzima na kukosa kuzalisha magari yapatayo 13,000, kwa sababu wadukuzi walikuwa wameingia kwenye kompyuta za msambazaji wake mmoja wa vipuri vya plastiki, Kojima. Ndiyo maana sasa unaletewa dodoso refu la usalama wa mtandao kabla ya zabuni. Lijaze kwa ukweli, na pale usipokuwa na kitu, andika lini utakuwa nacho.